Anwani za Kumbukumbu na Maji ya Sudi

Mafunzo ya kompyuta katika shule na vyuo vingi vya Afrika ya Mashariki huanzia paani yakishuka kuelekea msingi, na aghalabu hukoma kabla ya kuufikia. Mwanafunzi hufundishwa kuandika barua na kupanga hesabu katika majedwali. Akiendelea zaidi, hufundishwa lugha ya programu ambayo kwa makusudi humficha mahali hasa zinapokaa tarakimu zake. Huamuru kwamba kiwepo kitu kiitwacho "jumla", nacho kikawepo. Kimekaa wapi? Hakuna amwambiaye, wala yeye hana haja ya kuuliza. Kwa kazi za ofisini ujinga huo hauna madhara makubwa. Lakini kwa chombo cha kupimia kina cha maji, kilichofungwa juu ya nguzo katika ghuba kama la Sudi, kusini ya mji wa Lindi, ujinga huo waweza kuipoteza rekodi ya miaka.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni nyembamba, nayo yafaa isipanuliwe kuliko kiasi chake. Wanafunzi wa elektroniki, wa maji na wa hali ya hewa wafundishwe kuiweka data kwa mikono yao wenyewe katika anwani maalum ya kumbukumbu. Lugha ya Forth, ingawa ni ya zamani na wasemaji wake ni wachache, ndiyo mwalimu mwema kuliko wote wa somo hilo. Na pwani ya kusini ya Tanzania ina sababu zake za kulihitaji.

Kumbukumbu ya kompyuta hufanana na ukuta wa masanduku katika ofisi ya posta. Mtanzania hahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana kwa miaka mingi barua hapa nchini haikupelekwa mlangoni pa mtu bali katika S.L.P. yake. Sanduku lina namba isiyobadilika. Kilichomo hubadilika kila siku. Namba haisemi chochote juu ya kilichomo: sanduku 40 si lazima liwe na barua 40. Watu wawili wakipewa sanduku moja bila kujuana, kila mmoja atazikuta barua za mwenzake au hatazikuta zake. Na mwenye sanduku akihama bila kutoa taarifa, barua zitaendelea kufika kwa uaminifu mkubwa mahali ambapo hakuna mtu. Makosa karibu yote ya programu zinazogusa anwani ni ya aina hizo mbili za mwisho. Mwaka 2022, Serikali ilipoendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, wananchi wengi waliona kwa macho yao jinsi jina la nyumba na namba ya nyumba yalivyo mambo mawili tofauti. Lugha nyingi za programu humpa mwanafunzi jina na kumnyima namba.

Forth haimnyimi. Lugha hiyo ilibuniwa na Mmarekani Charles H. Moore mwishoni mwa miaka ya 1960, ikatumika mwaka 1971 katika kuendesha darubini ya redio ya mita 11 huko Kitt Peak, Arizona. Jina lake lingekuwa "ya nne", kwa Kiingereza "fourth", kwa kuwa Moore aliiona kuwa ni lugha ya kizazi cha nne. Lakini kompyuta ya IBM 1130 aliyokuwa akiitumia haikuruhusu jina la herufi zaidi ya tano, na herufi moja ikaachwa. Wanaastronomia waliipenda kwa sababu moja tu: mashine zao zilikuwa ndogo, kumbukumbu yake haba, na vyombo vyao vilihitaji kuamriwa papo kwa papo. Haja hiyo haijaisha. Chombo Philae, kilichotua juu ya kimondo-mkia 67P tarehe 12 Novemba 2014, kiliongozwa na kichakataji cha RTX2010, ambacho kilijengwa ili kuitekeleza Forth moja kwa moja.

Katika Forth kuna maneno mawili mafupi ambayo ndiyo kiini cha habari yote. Alama ya mshangao humaanisha weka. Alama ya @ humaanisha chukua. Mtu huandika thamani kwanza, kisha anwani, kisha kitendo. Utaratibu huo wa kitendo kuja mwisho huwashangaza wanafunzi kwa siku mbili tatu, kisha hawaufikirii tena: ni kama karani wa ghala anayepokea gunia, akaonyeshwa rafu, ndipo akaambiwa afanye nini. Na kwa kuwa Forth humruhusu mtumiaji kuongeza maneno yake katika kamusi ya lugha, mstari mmoja watosha kuifanya iseme Kiswahili:

: WEKA ! ;
: CHUKUA @ ;

Tangu hapo WEKA na CHUKUA ni maneno halali ya lugha, sawasawa na yale aliyoyatunga Moore. Wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya kompyuta wangefaa kuitazama mistari hiyo miwili kabla ya kuendelea na hoja yao.

Sasa, data hupewaje mahali? Forth ina njia tatu, na tofauti baina yake ndiyo somo lenyewe. Njia ya kwanza ni kuiachia lugha igawe viwanja. Kamusi ya Forth hukua kutoka anwani moja kwenda nyingine, na neno HERE hutaja kiwanja cha wazi kinachofuata. Mtu akiandika CREATE MAJI 200 ALLOT, jina MAJI huandikishwa, na mpaka husogezwa mbele kwa nafasi 200. Hakuna aliyechagua namba, namba ilipatikana. Njia hii ni salama, ila ina mtego mmoja mdogo: majina mawili yaliyoandikishwa moja baada ya jingine si lazima data zake zigusane, maana katika Forth nyingi za zamani jina lenyewe la pili na habari zake hukaa katikati. Kanuni za lugha, zilizopitishwa Marekani mwaka 1994, haziahidi kwamba viwanja viwili vya CREATE vitapakana. Zaahidi tu kwamba ndani ya kiwanja kimoja nafasi zinafuatana.

Njia ya pili ni kuitaja namba na kuipa jina, kwa neno CONSTANT. Hapa lugha haigawi kitu. Humwamini msemaji kwamba anajua kilichopo mahali hapo. Njia ya tatu ni kuusogeza mpaka wenyewe: kukiambia kielekezi cha kamusi kwamba kuanzia sasa viwanja vigawiwe kutoka anwani fulani. Forth nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na kielekezi hicho wazi, kikiitwa DP, na yeyote aliweza kukibadili. Kanuni za 1994 hazikukiweka miongoni mwa maneno yake, na uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa kila mashine ina ardhi yake.

Hatari iko baina ya njia ya kwanza na ya pili. Mwanafunzi akichagua namba kwa njia ya pili bila kuitazama HERE iko wapi, amejenga katika kiwanja ambacho hakikusajiliwa. Leo nyumba itasimama vizuri. Baada ya mwezi, programu ikiongezwa maneno machache, kamusi itakua mpaka ifike pale na kuibomoa nyumba bila kelele wala barua ya onyo. Programu itaendelea kukimbia, tarakimu zitaendelea kutoka, nazo zitakuwa za uongo.

Kuna anwani nyingine ambazo si kumbukumbu hata kidogo. Katika vichakataji vidogo vya siku hizi, milango ya umeme hupewa anwani kama masanduku mengine, na kuandika pale ni kutenda. Chukuliwa STM32F103, chipu iliyoenea sana katika bodi ndogo za kujifunzia, ambazo bei yake ni ya chini kuliko ya simu ya kawaida. Katika chipu hiyo anwani 40011010, kwa hesabu ya msingi wa 16, ni ya mlango uitwao C. Mlango ukishakuandaliwa, mtu akiandika

HEX 2000 40011010 WEKA

umeme hupanda katika pini ya 13 ya mlango huo. Hakuna kilichohifadhiwa. Akijaribu kuchukua kilichomo katika anwani hiyo hataipata ile 2000 aliyoiweka. Sanduku hilo la posta, kwa kusema kweli, ni kitufe cha kengele. Mwanafunzi aliyeona taa ikibadilika kwa sababu ya namba aliyoiandika yeye mwenyewe ameelewa jambo ambalo mihula miwili ya nadharia haikumfahamisha.

Yote haya yahusianaje na Sudi? Pwani ya kusini ni ndefu na vipimo vyake vya bahari ni vichache. Rekodi ndefu ya kina cha bahari kwa Tanzania ni ile ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 1984. Mtwara, Tanga na Dar es Salaam zilipimwa kwa vipindi vifupi. Wakati huohuo mambo yanayohitaji kipimo hicho hayakosekani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na miongoni mwa sababu ni mawimbi yanayokula kingo za kisiwa. Kimbunga kilipiga Lindi mwezi Aprili 1952. Kingine, Hidaya, kilifika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024, na mvua zake zikaikata barabara ya kusini katika sehemu za Kilwa. Siku kama hizo ndizo ambazo kipimo kinatakiwa zaidi, na ndizo ambazo fundi kutoka Dar es Salaam hawezi kufika.

Sudi yenyewe ni mji mkongwe wa pwani kati ya Lindi na Mikindani, wenye ghuba lililofichika kiasi cha kutosha kwamba mwezi Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie, ikiwa imeupenya mzingiro wa manowari za Kiingereza, iliingia humo na kupakua mizinga na risasi, zikachukuliwa bara na wapagazi. Nahodha alipaswa kujua ghuba lipi hasa, katika mamia ya maili ya mikoko inayofanana. Shehena ile ingeshushwa kwenye hori jingine isingemfaa mtu.

Na tuseme basi, kwa mfano tu, kwamba chuo fulani kimeamua kuweka kipima-maji katika Ghuba la Sudi, chenye bodi ya STM32F103. Bahari hapo hupwa na kujaa takriban kila baada ya saa 12 na dakika 25, na wakati wa bamvu tofauti ya maji kupwa na maji kujaa huweza kufika mita tatu hadi nne. Kipimo kimoja kila dakika 15 chatosha: vipimo 96 kwa siku. Kina kikiandikwa kwa milimita, kila kipimo huingia katika baiti mbili. Siku moja ni baiti 192.

Chipu ya kawaida ya aina hiyo ina kilobaiti 64 za kumbukumbu ya flashi, ile isiyosahau umeme ukikatika, kuanzia anwani 08000000 hadi 0800FFFF. Forth ya bure iitwayo Mecrisp, iliyoandikwa kwa ajili ya chipu za jamii hiyo, huchukua takriban kilobaiti 20 kutoka chini. Nusu ya juu, kuanzia 08008000, yaweza kutengwa kuwa ghala la vipimo. Katikati hubaki kilobaiti 12 hivi kwa programu yenyewe. Mpaka huo sharti uandikwe na kuheshimiwa, kwa sababu ile iliyotajwa: kamusi inayokua haina macho.

Flashi ina tabia zake, na hapa ndipo mtu asiyezijua anwani hupotea. Haikubali kuandikwa kwa WEKA ya kawaida. Yahitaji kwanza kufunguliwa kwa funguo mbili, 45670123 na CDEF89AB, zikitumwa kwa mfuatano huo katika anwani yake maalum. Ikifutwa, kila baiti mbili husomeka FFFF, na kuandika ni kugeuza moja kuwa sifuri tu. Kurudisha moja kwahitaji kuufuta ukurasa mzima wa baiti 1024. Na kila ukurasa umehakikishiwa na mtengenezaji kufutwa mara 10,000, si zaidi.

Mpangaji wa kwanza, aliyezoea lugha zinazoficha mahali, atafanya jambo linaloonekana kuwa la akili: atatenga sanduku moja la kudumu lenye namba ya nafasi ya wazi inayofuata, na kila baada ya kipimo atalifuta na kuliandika upya. Ni mara 96 kwa siku. Gawanya 10,000 kwa 96: siku 104. Hakikisho la mtengenezaji litakuwa limekwisha kabla ya miezi minne kutimia. Chombo chaweza kudumu zaidi ya hapo kwa bahati, na huo ndio ubaya wake, kwa kuwa hakitakufa siku ya majaribio bali katikati ya masika, na kitakachoharibika si kipimo kimoja bali ule ufunguo wa kujua vipimo vyote vilipo.

Mpangaji anayezijua anwani hahitaji sanduku hilo. Ghala la kilobaiti 32 ni kurasa 32. Katika kila ukurasa baiti 64 za mwanzo zitengwe kwa kichwa: namba ya mfuatano wa ukurasa na tarehe yake. Hubaki baiti 960, ambazo ni siku tano kamili. Ukurasa ukijaa, unaofuata hufutwa na kuandikwa kichwa kipya. Ghala likijaa, huzunguka na kuanza mwanzo. Umeme ukikatika na kurudi, programu huutafuta ukurasa wenye namba kubwa kuliko zote, kisha ndani yake huitafuta FFFF ya kwanza. Hapo ndipo pa kuendelea. Hakuna mita 65 za maji Sudi, kwa hiyo FFFF haiwezi kuchanganywa na kipimo cha kweli. Kila ukurasa hufutwa mara moja tu katika siku 160, na hakikisho la mara 10,000 hudumu zaidi ya miaka 4,000. Nguzo, nyaya na chumvi vitakuwa vimemaliza kazi yao zamani.

Faida ya pili ni kwamba kipimo chochote kina anwani inayoweza kukokotolewa kwa kalamu. Maneno matatu ya Forth yatosha:

HEX
08008000 CONSTANT GHALA
: UKURASA 400 * GHALA + ;
: KIPIMO UKURASA 40 + SWAP 2 * + ;

Anayetaka kipimo cha saa 6 mchana, siku ya tatu ya ukurasa wa 7, kurasa zikihesabiwa kuanzia sifuri na siku ikianza saa 6 usiku, atahesabu siku mbili kamili, vipimo 192, na vipimo 48 vya nusu siku: namba 240, ambayo kwa msingi wa 16 ni F0. Ataandika F0 7 KIPIMO, naye atapewa 08009E20. Neno H@, ambalo Forth ya bodi hiyo hulitumia kusoma baiti mbili, litampa milimita. Mtu mwenye kompyuta ya mkononi na waya aweza kufanya hivyo akiwa ameketi kwenye mtumbwi chini ya nguzo, bila intaneti, bila kumwita mtu.

Wapo watakaopinga, na pingamizi zao zina uzito. Wa kwanza atasema kwamba kompyuta kubwa zimekataza jambo hili kwa sababu nzuri. Ni kweli. Katika kompyuta ya ofisini mfumo wa uendeshaji humpa kila mwenye programu ramani yake ya kubuni. Namba 40011010 humo haina uhusiano na pini yoyote, na programu inayogusa anwani isiyo yake husimamishwa mara moja. Benki isiyofanya hivyo haifai kuaminiwa na fedha za watu. Lakini kipima-maji kina kazi moja na mwenyeji mmoja. Kukipa ulinzi wa benki ni kuajiri askari wa kulinda mtego wa samaki dhidi ya mwenye mtego.

Wa pili atasema kwamba lugha ya C hufanya yote hayo. Hufanya, tena vizuri, na vyombo vingi vya kupimia vimeandikwa kwayo. Tofauti ni kwamba C hutafsiriwa katika mashine nyingine, kisha matokeo yake hupakiwa katika chombo yakiwa mabubu. Forth hukaa ndani ya chombo chenyewe na kujibu ikiulizwa. Kwa mhandisi aliye maabara tofauti hiyo ni ndogo. Kwa fundi aliye Sudi barabara ikiwa imekatika, ni tofauti kati ya kuuliza na kubahatisha.

Wa tatu hana budi kusikilizwa zaidi. Forth haikagui kitu. Mtu akigeuza mpangilio, akatanguliza anwani na kufuatisha thamani, lugha itatii na kuandika upuuzi mahali pasipojulikana. Mtu akisahau kwamba yuko katika msingi wa 16, ishirini yake itakuwa thelathini na mbili. Na kwa kuwa kila mtumiaji hujitungia maneno, programu ya mtu mmoja mwenye kipaji yaweza kuwa fumbo kwa kila atakayemrithi. Historia ya lugha hii ina mafumbo ya namna hiyo kwa wingi. Kwa hiyo haipendekezwi kwamba hesabu za mishahara ziandikwe kwa Forth. Linalopendekezwa ni somo la muhula mmoja, na vyombo vidogo ambavyo programu yake hutosha katika kurasa mbili za karatasi.

Lililo zito zaidi, hata hivyo, ni la vyombo ambavyo nchi hainunui sehemu zake bali huvinunua vikiwa vimefungwa. Tanzania ina uzoefu wa zamani katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matatizo ya mitambo na gharama za kuwategemea wataalamu wa nje yalichangia uamuzi wa mwaka 1974 wa kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini, na masharti hayo yalilegezwa polepole tu katika miaka iliyofuata. Uamuzi ule umelaumiwa sana, na kwa sehemu kubwa lawama hizo ni za haki, maana nchi ilichelewa. Lakini jambo lililouzaa halikuwa la kubuni. Mashine iliyomo nchini huku hakuna ajuaye kilichomo ndani yake ni mgeni wa gharama.

Dawa haikuwa kufunga mlango, na leo hakuna awezaye kuufunga. Dawa ni kudai ramani. Chombo chochote cha kupimia bahari, mto au mvua kinachonunuliwa kwa fedha ya umma kingepaswa kuja na ukurasa mmoja unaoeleza kila aina ya data imewekwa anwani gani, kwa baiti ngapi, kwa kipimo gani, na baiti ipi hutangulia. Hilo la mwisho laonekana dogo. Kina cha milimita 1,040 kwa msingi wa 16 ni 0410. Msomaji anayezigeuza baiti mbili hizo atapata 1004, yaani milimita 4,100. Namba ya kwanza ni maji ya kupwa. Ya pili ni bamvu la nguvu. Zote mbili zinawezekana Sudi, na hakuna jicho litakalolikamata kosa hilo kwa kuitazama namba peke yake. Rekodi ya miaka kumi yaweza kuwepo, kamili, na isiwe na maana kwa kukosa sentensi moja.

Tume inayosimamia utafiti ina uwezo wa kuliweka sharti hilo katika kibali cha kila mradi, na vyuo vina uwezo wa kuwafundisha vijana kuusoma ukurasa huo na kuuandika. Nakala moja ya ramani ikae ofisi ya wilaya, nyingine Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ya tatu, iliyofunikwa nailoni dhidi ya chumvi, ibandikwe ndani ya kifuniko cha chombo chenyewe, kwa Kiswahili, pamoja na mistari ile mitatu ya Forth inayoanza na GHALA.